Mwachie Mwenyewe

Wateja wangu wana swali moja, na huliuliza wakiwa wameshika vitu viwili. Mkono mmoja umeshika sufuria nyepesi inayong'aa, mwingine umeshika ile nzito ya chuma ninayoiweka rafu ya juu. Mama Vyombo, hii ya ghali ina nini cha zaidi? Zamani nilikuwa na jibu kabla hawajamaliza kuuliza. Nilisema sufuria ni sufuria, moto ni moto, na maji hayajui yamechemshiwa ndani ya nini. Watu walicheka, wakachukua nyepesi, wakaenda zao. Miaka kumi na minne nimesema maneno hayo kwenye kibanda kilekile, na sikumbuki siku niliyojiuliza kama ni ya kweli. Siku hizi nachelewa kujibu. Wengine hunikasirikia, wakadhani nawatega ili wachukue cha ghali. Wacha wakasirike. Yaliyonikuta nayajua mimi, na leo nitayasema yote, hata pale yanaponivua nguo.

Yanamhusu mama mkwe wangu.

Alikuwa mpishi wa hospitali kwa miaka thelathini na mmoja. Mrefu, mkavu wa mwili na mkavu wa maneno, ukimsalimu anakuitikia kisha basi, hana maswali ya ziada. Kule jikoni kwao walimpa jina la Saa, kwa sababu chakula chake hakikuchelewa hata siku moja, na mkononi hakuvaa saa. Alipostaafu wakamuuliza anataka zawadi gani ya kuagwa. Waliomtangulia walichukua mablanketi, redio, mmoja alichukua godoro. Yeye akasema anataka sufuria moja ya mle jikoni, ile nyeusi. Wakamcheka. Lakini mkuu wa stoo hakucheka, akakuna kichwa, maana ile nyeusi ilikuwa ghali kuliko chombo chochote kilichokuwamo mle. Ililetwa na wafadhili zamani pamoja na jiko lake kubwa. Jiko likafa, wafadhili wakaondoka, sufuria ikabaki. Wakampa.

Mimi niliikuta kwake. Mume wangu ni dereva wa lori, wiki tatu yuko barabarani, siku nne yuko nyumbani, na kati ya hizo nne mbili amelala. Nyumba tuliyokuwa tumepanga iliuzwa, tukapewa muda mfupi tuhame. Mama mkwe akasema njooni, nyumba ina vyumba vitatu na mimi nalala kimoja. Alitupokea hivyo, bila sharti. Neno la kunisimanga sikulisikia kinywani mwake tangu tuingie. Nataka hilo lijulikane kabla sijaendelea.

Tatizo langu lilikuwa jikoni. Ile sufuria ilikuwa nyeusi tii, nzito ya kubebwa kwa mikono miwili, na mfuniko wake ungekudondokea mguuni ungelala hospitali. Jiko letu la gesi lilikuwa na sehemu mbili za moto, na dude lile likikaa upande mmoja linaegemea na wa pili. Tena lilichelewa kupata moto. Mimi na haraka zangu za kuwahi kibandani nilisimama pale asubuhi na birika mkononi nikisubiri nafasi, huku nasonya moyoni. Moyoni tu, maana nyumba ni ya wenyewe.

Na mama mkwe alikuwa na namna yake ya kupika ambayo sijaiona kwa mtu mwingine. Kwanza aliiweka sufuria motoni tupu, bila maji wala mafuta, akaenda kukata vitunguu polepole, kitunguu kimoja kimoja, kama hana kitu jikoni. Alisema anaiamsha. Pili, chakula kikiwa bado hakijaiva, na ninaposema hakijaiva naomba nieleweke, mchele una maji juu, maharage bado yanabishana na jino, alizima moto. Alifunika, akakunja taulo kuukuu akaliweka juu ya mfuniko, akafuta mikono, kisha akasema kwa sauti ya chini, kama mtu anayekabidhi zamu: "Haya, mwachie Mwenyewe."

Akatoka kwenda kuketi kwenye benchi la mlango wa nyuma. Ole wako uguse ule mfuniko. Akirudi, chakula kimeiva, punje kwa punje, na chini hakuna kilichoungua.

Mimi nilidhani anamsemea Mungu. Wapo watu hawafuniki chungu bila dua, na dua ya mtu siiingilii. Tena nilidhani anabana gesi, na hilo nililipenda. Sikuuliza zaidi. Nilikuwa najua kila kitu kuhusu masufuria, si nayauza?

Siku moja jirani aliingia kuomba chumvi, akaliona lile dude limekaa katikati ya jiko. Akacheka akasema kweli kinyozi hajinyoi, muuza vyombo mzima jikoni kwake kumekaa jabali. Alikuwa anatania, lakini lilinichoma. Nilikaa nalo wiki nzima. Sasa ikatokea mama mkwe akaenda kwa wifi yangu, yaani binti yake, anayekaa mji mwingine kwenye ghorofa ya tatu, ili akatibiwe macho. Angekaa kule majuma mawili. Nikaona hii ndiyo nafasi ya kumlipa wema wake. Nilipaka jiko rangi. Nikatoa kibandani kwangu seti ya masufuria saba yanayoingia moja ndani ya jingine, mazuri, yanakuonyesha uso wako, na moja lilikuwa la kisasa, lisilogandisha chakula, lenye mpini wa plastiki. Nikayapanga kwenye rafu kwa ukubwa wake. Nilijipongeza kwa kweli.

Ile nyeusi nikaipandisha kwenye mkokoteni nikaipeleka kibandani, maana nyumbani stoo hatukuwa nayo. Wiki ile kiti changu kilikuwa kimevunjika mguu. Nikaipindua kifudifudi, nikaweka mto juu, nikakaa. Ilinifaa kuliko kiti. Mfuniko nikauweka juu ya turubai ili upepo usilipeperushe.

Mama mkwe alirudi mchana wa Jumamosi. Majirani wawili walikuwepo, wakapiga vigelegele walipomwona ameingia jikoni na kutazama rafu. Akanishukuru mbele yao, akasema zawadi hii ni kubwa. Kisha akatazama jiko, akatazama chini ya meza, akatazama nyuma ya mlango. Mkoba wake wa safari ulikuwa bado begani. Majirani walipotoka akaniuliza polepole:

"Mwenyewe yuko wapi?"

Labda wewe unayenisikiliza umeshaelewa. Mimi nilikuwa na masikio mawili kama yako na sikuelewa. Huku kwetu mwanamke akisema Mwenyewe, anamaanisha mume. Mwenyewe hayupo, ngoja Mwenyewe arudi, hilo nitamuuliza Mwenyewe. Na mume wa mama mkwe alikuwa amefariki miaka tisa kabla. Nikajisemea safari imemchanganya mzee wa watu, au dawa za macho zimepanda kichwani. Nikamshika mkono, nikatafuta maneno laini kuliko yote niliyokuwa nayo.

"Mama, Mwenyewe hatunaye tena. Tumwache apumzike."

Alinitazama. Macho yalikuwa bado mekundu ya matibabu, kwa hiyo sikuweza kujua kama ni machozi. Akasema, "Haya. Mmeshaamua ninyi." Akaenda chumbani kwake na mkoba wake.

Nilibaki nimesimama najiuliza mambo ya kifo tunaamuaje sisi. Usiku huohuo nilimpigia wifi simu kumwambia mama amesahau kwamba baba alikufa.

Kesho yake akapika kama alivyopika siku zote. Wali ukawa na kiini. Tulikula hivyohivyo. Siku iliyofuata maharage yakawa magumu, mume wangu aliyekuwa nyumbani akayarudisha jikoni kwa utani kwamba yana hasira. Mama mkwe hakucheka. Aliichukua ile sufuria mpya, akaigonga ukingo kwa kifundo cha kidole, akasikiliza, akaigonga tena. Akasema hizi hazishiki moto, ukizima tu zinapoa.

Hapo ndipo nilipofanya lile ambalo nikilikumbuka hata sasa uso unaniwaka. Vile vyombo ni vyangu. Ni riziki yangu, ni jina langu sokoni, na vilikuwa zawadi. Mtu mwenye akili angeuliza, Mama, una maana gani haishiki moto? Mimi nikasema:

"Mama, mbaazi ukikosa maua husingizia mvua."

Nilisema nikitabasamu, lakini nililisema. Mkamwana kumwambia mama mkwe maneno hayo, ndani ya nyumba yake, mbele ya mwanawe. Mume wangu aliinamisha kichwa. Mama mkwe akaiweka sufuria chini, akaifunika vizuri, na tangu siku ile hakuvitaja tena vyombo vyangu, si kwa ubaya si kwa wema.

Aliendelea kupika. Wali ukaendelea kuwa na kiini siku moja, ukaungua siku nyingine, maana sasa alianza kuongeza moto kwa woga, na bati lile jembamba halisamehe. Nikaanza kuingia jikoni nyuma yake na kuwasha tena moto aliouzima. Nilifanya kimyakimya, nikidhani namsitiri. Alikuwa akirudi kutoka kwenye benchi anakuta moto unawaka, na anasimama mlangoni akiutazama. Sasa nafikiria alikuwa akijiuliza kama kweli aliuzima.

Mwezi wa tatu ndio uliotumaliza. Nilikuwa kibandani, nimeketi pale ninapoketi, jirani akaja mbio kuniambia nyumbani kunatoka moshi. Nilikuta watu mlangoni. Mama mkwe alikuwa ameiweka ile sufuria ya kisasa motoni tupu, akaenda nje kuosha mboga. Utando wake wa ndani ukatoa moshi wa kukaba koo, mpini wa plastiki ukayeyuka, taulo lililokuwa karibu likashika moto. Alikuwa amelizima mwenyewe kwa ndoo ya maji. Alisimama katikati ya jiko lenye dimbwi, ndoo mkononi. Nikamwambia Mama, umesahau sufuria motoni. Akasema hakusahau, aliiweka. Mimi na jirani tukatazamana.

Wifi alikuja siku mbili baadaye. Tulimpeleka mama kwa daktari. Daktari akamuuliza leo ni siku gani, akamjibu. Akamuuliza mwezi, akamjibu, kisha akamuuliza yeye daktari kwani hapo kazini kwake hakuna kalenda. Daktari akacheka, akatuambia kumbukumbu ya huyu ni nzuri kuliko yangu, mwangalieni tu. Tungemsikiliza. Lakini tulikuwa na ushahidi wetu: wali, moshi, na lile swali. Na jioni ile, tukiwa tumekaa sebuleni, mama akasema bila kuulizwa, akitazama viganja vyake:

"Tangu Mwenyewe atoke humu ndani, mikono yangu haina kazi."

Wifi akalia pale pale. Akaamua. Mwisho wa mwezi unaofuata atamchukua mama akakae naye ghorofani. Kule kuna dada wa kazi, mama hatagusa jiko. Chumba chake hapa tutakifunga, na jikoni kuanzia leo asiingie, hatari. Mume wangu alikubali kwa simu akiwa barabarani. Na mimi nilikubali. Mbele ya mama tulilisema kama habari njema, kwamba sasa atapumzika. Aliuliza kitu kimoja tu, kama kule ghorofani kuna mlango wa nyuma. Wifi akasema hakuna, kuna kibaraza kidogo. Akasema sawa.

Wiki zile alikuwa akiketi kwenye benchi lake kuanzia asubuhi, mikono mapajani. Mtu aliyelisha wodi sita alikuwa akisubiri nimletee sahani. Akimaliza anasema asante mwanangu, anairudisha mwenyewe hadi mlango wa jikoni, anainama anaiweka kizingitini, havuki. Nilimwambia Mama, sahani unaweza kuingiza. Akasema hapana, mmesema nisiingie. Alikuwa amekonda. Nilitaka kuamini ni uzee. Aliponionyesha mkoba wake alioufunga mapema, niliona aproni yake ya hospitali ameikunja na kuiweka chini kabisa, chini ya nguo zote.

Siku tatu kabla ya safari alikuja mwenzake wa jikoni wa zamani kumuaga, mama mmoja mnene mwenye sauti kubwa ambaye walimpa jina la Chumvi, kwa kuwa hakuna habari aliyoipeleka bila kuikoleza. Walikaa kwenye benchi muda mrefu. Chumvi ndiye aliyesema, mama mkwe alisikiliza. Kisha Chumvi akanifuata jikoni nilipokuwa natengeneza chai. Akavishika vyombo vyangu, akavisifu kwa adabu, akatazama huku na huku.

Akaniuliza, "Na Mwenyewe je? Anaondoka naye, au mnabaki naye?"

Birika likanigonga kidole. Nikamwambia, shikamoo tena mama yangu, hata wewe? Mwenyewe si alishafariki, miaka tisa hii?

Chumvi alinitazama kama mtu anayetafuta utani ulipo.

"Amefariki? Chuma kinakufaje?"

Niliketi. Kiti kilikuwa karibu, nashukuru. Chumvi akanieleza, na kwa mara ya kwanza maishani mwake, nadhani, hakukoleza kitu. Kule hospitali walikuwa na masufuria kumi na mawili mepesi na moja zito. Wapishi walikuwa wachache, na saa ya chakula hao hao ndio waliosukuma mikokoteni kwenda wodini. Ukipika kwenye nyepesi lazima mtu abaki amesimama juu ya moto, la sivyo utakuta mbichi au mkaa. Lakini ile nzito ukiamsha moto wake vizuri, unaweza kuzima, ukafunika, ukaenda zako wodini na wengine, ukarudi chakula kimejiivisha. Wapishi wageni walikuwa hawaamini, wanataka kufunua waone. Saa alikuwa anawachapa mikono kwa mwiko: mwachie mwenyewe! Basi hadi wagonjwa wakajua. Mwenyewe likawa jina la ile sufuria. Mwenyewe ameshaoshwa? Mwenyewe yuko motoni? Wakati Saa anastaafu walimwambia haya, ondoka na Mwenyewe wako.

"Mmempeleka wapi?" akauliza.

Nilitoka nikaenda sokoni kwa miguu, nikiyapanga maneno yote ya miezi mitano moja baada ya jingine, na kila neno sasa lilikuwa na uso mwingine. Mwenyewe hatunaye tena. Tumwache apumzike. Mmeshaamua ninyi. Yule mama aliamini kwamba nimelitupa dude lake, chombo pekee alichotoka nacho katika miaka thelathini na mmoja ya kazi, na hakunigombeza, kwa kuwa alikuwa amenikaribisha kwake na hakutaka nijione mgeni. Na nilipomtukana kwa methali alinyamaza. Na wali haukuwa na kosa, wala moshi haukuwa na kosa. Alikuwa akipika sawasawa kabisa, kwa chombo kisichokuwepo.

Nikafika kibandani. Nikautoa mto. Miezi mitano nilikuwa nimemkalia, huku nawaambia watu sufuria ni sufuria.

Ilikuwa imeshika kutu ukingoni. Chumvi alinisubiri nyumbani, tukaisugua kwa mchanga nyuma ya nyumba ya jirani ili mama asituone, tukaikausha motoni, tukaipaka mafuta, tukaikausha tena mpaka weusi wake ukarudi. Chumvi aliigonga kwa kidole ikaitika. Akasema yuko mzima.

Niliibeba mimi. Mama mkwe alikuwa kwenye benchi. Niliiweka chini miguuni pake, nikapiga magoti.

"Mama, nisamehe. Uliponiuliza Mwenyewe, nilidhani unamuulizia marehemu baba."

Hakuigusa kwanza. Alikuwa anafikiria. Kisha pembe ya mdomo wake ikacheza kidogo.

"Baba yao? Yule sikumwita Mwenyewe hata siku moja. Mwenye nyumba nilikuwa mimi."

Chumvi akaangua kicheko, na mimi nikacheka na machozi yananitoka. Mama mkwe hakucheka na sisi. Alikuwa ameweka kiganja juu ya mfuniko. Akaniambia, bila hasira, na afadhali ingekuwepo:

"Mwanangu, mwanzoni nilijua ni sufuria. Nikajiambia hawa watoto hawajui. Halafu kila siku mnanitazama vile. Nikirudi nakuta moto niliouzima unawaka. Mwisho nikasema labda ni kweli, labda ni mimi. Nilikuwa nimeshaanza kuwaamini."

Nimesikia matusi mengi sokoni. Hakuna lililowahi kunipiga kama hilo.

Wifi nilimpigia palepale. Hakuelewa, akaelewa, akanifokea, akajifokea, akalia. Safari ikafa. Mume wangu aliporudi nilimweleza mbele ya mama yake, akatoka nje akakaa ndani ya lori lake nusu saa. Mkoba ulifunguliwa, aproni ikarudi msumarini.

Mtu angependa niishie hapo. Lakini kuna kilichorudi na kuna ambacho hakikurudi. Kwanza mikono. Miezi mitano ya kukaa ilikuwa imeinyonya, na alipotaka kuinua sufuria yake siku ya kwanza hakuweza. Alijaribu mara mbili, akaiacha. Tangu hapo kazi ya kuiweka na kuiteremsha ikawa yangu. Nilibadilisha saa za kufungua kibanda ili niwepo. Nilijifunza kwake kuiamsha, kusikiliza mafuta, kujua kwa harufu maji yamebaki kiasi gani. Wali ukawa wali tena. Hata yule jirani aliyenitania kwa methali ya kinyozi alianza kuja na sahani.

Wateja wananiuliza ghali ina nini cha zaidi. Siku hizi nawauliza wao kwanza: unamnunulia nani, na huyo anapikaje? Kama ni mtu wa kusimama juu ya moto na kukoroga, kama mimi, nyepesi inamtosha, asidanganywe na mtu. Lakini kama ni wa kuzima na kuondoka, mpe chuma. Na kama tayari ana chombo chake, hata kiwe kibaya cha namna gani, usikiondoe akiwa safarini. Wengine wanaona napoteza muda wao.

Mama mkwe aliishi mwaka mmoja na miezi saba baada ya hapo. Alipika karibu kila siku, akili yake nzima mpaka asubuhi ya mwisho. Mwenyewe ninaye mimi sasa. Ila kuna jambo moja lilibadilika ambalo hakuna mtu mwingine aliyeliona, kwa sababu mimi tu ndiye niliyekuwa naye jikoni. Yule mwanamke waliyemwita Saa, aliyelisha wodi sita bila kumuuliza mtu, kila alipofika wakati wa kuzima moto aliweka mkono kwenye swichi ya gesi, akasita, akageuka kunitazama.

"Nizime?"

Nilikuwa namjibu, "Zima, Mama." Alikuwa sahihi kila mara, na kila mara aliniuliza.